Unga mweupe, jiwe linalobanduka na matatizo mengine ya visukuku vya baharini

Likizo imekwisha, mkoba umejaa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, na chumba kinanuka pwani. Wiki ya kwanza kila kitu kinapendeza. Mwezi wa pili unafungua boksi na kukuta amonaiti, lile kombe la kale lililojiviringisha, uliyoiokota kwa furaha imepasuka vipande vitatu, au imeota unga, au imebaki vumbi la kijivu lenye harufu ya kiberiti. Hapo wengi hukimbilia dawa, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu dawa inayokiponya kisukuku kimoja hukiua kingine. Mimi mwenyewe nimeviua kadhaa kwa maji safi ya bomba, bila kutumia kemikali yoyote.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili ili uende moja kwa moja kwenye shida yako. Ila kabla hujashika brashi au beseni, jibu swali moja: kisukuku chako kimegeuka kuwa madini gani? Vya baharini vingi huangukia katika makundi manne. Makombe, matumbawe na amonaiti nyingi ni kalsaiti, yaani chokaa. Ukitia tone la siki mahali pasipoonekana, linatoa povu. Meno ya papa na mifupa ya samaki au ya mijusi wa baharini ni fosfeti. Kwa kawaida ni nyeusi au kahawia, na siki haifanyi povu juu yake. Kundi la tatu ni pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye mng'ao wa dhahabu au shaba, mazito mno kwa ukubwa wake. La nne ni alama nyembamba iliyobanwa katika mwamba wa matope. Hapo kisukuku ni utando tu, na kitadumu muda ule ule litakaodumu tope lililokibeba.

Futa lile tone la siki kwa maji mara tu umeona jibu. Usiliache.

"Nimetembea mchana kutwa sijapata kitu"

Kwanza angalia mwamba. Visukuku hukaa katika miamba ya mashapo: chokaa, mawe ya mchanga, matope yaliyoganda. Ukitembea juu ya granaiti au mawe ya volkano, hata ukimaliza likizo nzima utarudi na miguu inayouma. Ramani ya jiolojia itakuambia pwani ipi ina mashapo ya bahari ya kale, na makumbusho ya eneo hilo yatakuonyesha vitu vyenyewe vinavyofananaje. Hilo la pili lina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa jicho haliokoti kitu lisichowahi kukiona.

Pili, saa. Fuata maji yanapopwa. Usiwahi kusubiri yapwe kabisa ndipo uanze. Ukiingia ufukweni saa mbili au tatu kabla ya maji kupwa mwisho, unapita juu ya kokoto zilizooshwa sasa hivi na ambazo hakuna aliyezikanyaga. Kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo saa iliyokufaa leo itasogea kesho. Bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hufunua sehemu ambazo maji mafu hayafunui kamwe. Na siku bora kuliko zote ni ile inayofuata dhoruba, mawimbi yakishakuwa yamelala.

Tatu, mwendo. Anayeanza hutembea sana. Chagua sehemu ya kokoto yenye ukubwa wa mkeka, kaa chini dakika 20, na utafute umbo badala ya rangi: mistari iliyolingana, duara lililojiviringisha, pembe tatu yenye kingo laini. Maumbile ya mawe hayapendi ulinganifu, ukiuona, inama.

Genge, yaani ule ukuta wa mwamba ulio juu ya ufukwe, lisikuvute. Ni kweli visukuku vinatoka humo, lakini bahari inakuletea bure vile vilivyokwisha kuanguka. Mary Anning, mwanamke wa Lyme Regis huko Uingereza aliyeishi 1799 hadi 1847 na kufukua plesiosauri mzima, mtambaazi wa kale wa baharini mwenye shingo ndefu, mwaka 1823, alilijua genge la kwao kuliko mtu yeyote. Mwaka 1833 liliporomoka hatua chache kutoka aliposimama na kumuua mbwa wake, Tray. Ukisikia vijiwe vinadondoka, au mvua imenyesha siku mbili mfululizo, kaa upande wa maji. Na upande wa maji nao una hatari yake: jua njia ya kurudi kabla bahari haijaanza kujaa.

"Sijui kama ni kisukuku au jiwe tu"

Mstari mweusi unaotambaa kama jani la jimbi juu ya jiwe bapa si mmea. Ni madini ya manganizi yaliyopenya kwenye ufa. Jiwe la mviringo kamilifu mara nyingi ni donge la madini lililokua lenyewe, ingawa ndani yake huenda mna kitu. Kijiti cha kahawia kilichochongoka kama risasi ni belemnaiti, mfupa wa ndani wa jamaa wa kale wa ngisi. Kivunjike na utaona ndani mistari inayotoka katikati kama njiti za baiskeli.

Mfupa na jiwe hutofautishwa kwa ulimi. Mfupa una vitundu vidogo mno vinavyofyonza unyevu, kwa hiyo hung'ang'ania ulimi, wakati jiwe la kawaida huteleza. Suuza kwanza, na usifanye hivyo kwa kitu chenye harufu ya kiberiti. Kujua kama mfupa ni wa juzi au wa kale, gusa kwa ncha ya sindano iliyopata moto: wa juzi hunuka nywele zilizoungua.

Jino la papa halimpi mtu shida siku hizi, lakini kwa karne nyingi Wazungu waliamini ni ulimi wa nyoka uliogeuka jiwe. Nicolas Steno alipasua kichwa cha papa mkubwa huko Florence mwaka 1666, akatazama meno yake na kulinganisha na yale mawe, hadithi ikaishia hapo. Weusi wa jino, kwa njia, hauonyeshi umri. Ni madini ya udongo lilimolala. Usilitie dawa ya kung'arisha nguo ukidhani ni uchafu. Utalidhoofisha na weusi hautoki.

"Nimepiga nyundo, kimepasuka katikati"

Nyundo ya seremala haifai. Chuma chake hakikutengenezwa kugonga mwamba, na kipande kinachoruka hakichagui kati ya shavu na jicho. Tumia nyundo ya kijiolojia au nyundo nzito ya waashi pamoja na tindo, na miwani ya kinga iwe usoni kabla ya pigo la kwanza. Nyundo isigongwe juu ya nyundo nyingine.

Kisukuku hukatika katikati kwa sababu mbili. Ama umepiga kukingama na tabaka, ama umekuwa na haraka. Mwamba wa mashapo umelala kama kurasa. Tindo iingie ukingoni, sambamba na kurasa hizo, kwa mapigo mengi mepesi huku ukizunguka jiwe. Sauti itabadilika kabla halijaachia: mlio mkali unakuwa mzito, kama chungu chenye ufa. Ukisikia hivyo, weka nyundo chini na ufungue kwa mikono.

Madonge magumu ya chuma, kama yale ya Mazon Creek katika jimbo la Illinois, Marekani, hayahitaji nyundo hata kidogo. Wakusanyaji wa kule huyaloweka siku kadhaa, huyatia kwenye friza, huyatoa yayeyuke, kisha hurudia. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na ongezeko hilo hufuata njia iliyo dhaifu zaidi ndani ya donge, ambayo mara nyingi ni pale kisukuku kilipolala. Huenda mizunguko ikafika 10 au zaidi. Ni kazi ya kusahau: weka, ondoka, rudi baada ya siku mbili. Ila mbinu hii ni ya madonge magumu tu. Mwamba laini wa matope utatoka kwenye friza ukiwa uji.

Kimepasuka tayari? Okota kila kipande, hata chembe. Vifunge pamoja katika karatasi laini papo hapo, usivitie mfukoni mwa suruali. Kuunganisha nitakueleza mbele.

"Kimeota unga mweupe"

Hii ndiyo dalili inayoua visukuku vingi, na sababu ni kwamba kuna unga wa aina tatu unaofanana kwa mbali. Nilipoteza kisukuku cha kwanza, cha pili na cha tatu kabla sijaelewa kuwa sikuwa napambana na adui mmoja.

Chukua kidogo kwa ncha ya kisu, kitie kwenye tone la maji juu ya kioo, kisha gusa tone hilo kwa karatasi ya kupimia tindikali. Halafu nusa kisukuku chenyewe. Majibu ya vitu viwili hivyo yanatosha.

Karatasi ikibaki bila kuonyesha tindikali, hakuna harufu, na unga ni fuwele ndogo zinazometameta, hiyo ni chumvi ya bahari. Jiwe lililolowa baharini limeshiba chumvi hadi moyoni. Linapokauka, maji husafiri hadi juu na kupotea hewani, chumvi inabaki na kuganda ndani ya vitundu. Fuwele zikikua husukuma, na uso wa kisukuku hubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kwa kawaida huonekana ndani ya siku au wiki chache tangu urudi.

Dawa ni maji baridi yasiyo na chumvi. Loweka, badilisha maji kila siku. Jino dogo linaweza kutosheka na wiki. Jiwe la ukubwa wa ngumi lenye vitundu linataka wiki kadhaa. Watu hukisia wakati wa kuacha, na hawana sababu ya kukisia. Dondosha tone la maji ya beseni juu ya kioo safi, na kando yake tone la maji ya bomba. Yaache yakauke. Tone la beseni likiacha duara jeupe nene kuliko mwenzake, chumvi bado inatoka. Madoa mawili yakilingana, maliza kwa kuloweka siku moja katika maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliogeuzwa tena kuwa maji, kisha anika kivulini. Usianike juani wala karibu na jiko.

Karatasi ikigeuka nyekundu, na boksi linanuka kiberiti au baruti iliyolowa, simama hapo hapo. Hiyo ni pairaiti inayooza, na maji ni sumu yake.

Nina picha ya kwanza niliyowahi kuiona kichwani hadi leo. Nilivuta droo. Mahali pa amonaiti ndogo ya kung'aa palikuwa na kichuguu cha kijivu chenye madoa ya manjano, na katikati ya kichuguu bado ungeweza kuona mzingo wa mwisho, mwembamba kama waya. Lebo chini yake ilikuwa imegeuka kahawia na kutoboka, kingo zikivunjika zilipoguswa. Nilidhani panya. Kumbe tindikali ilikuwa imekula karatasi.

Kinachotokea ni hiki: pairaiti hukutana na oksijeni na unyevu wa hewa, inageuka kuwa salfeti za chuma pamoja na tindikali ya salfa. Salfeti zinachukua nafasi kubwa kuliko pairaiti iliyokuwapo, hivyo kisukuku kinapasuliwa kutoka ndani, na tindikali inashambulia jirani, lebo na hata boksi. Si vipande vyote vya pairaiti huoza. Ile yenye fuwele kubwa na safi huweza kukaa miaka mingi, lakini ile ya chembechembe ndogo mno, isiyong'aa sana, ndiyo mbaya. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 uozo huenda mbio. Weka chini ya 45. Kwa kisukuku kilichokwisha kuanza, chini ya 30.

Basi kitenge na wenzake leo hii. Nakili lebo kabla haijaliwa. Vaa barakoa na ung'oe unga kwa brashi kavu, ukiudondoshea kwenye karatasi ya kutupa. Kisha kitie kwenye chombo cha plastiki kinachofungika sawasawa pamoja na vipakiti vya silika vinavyokausha hewa, na kipima unyevu kidogo kama unacho. Silika huchoka, ikaushe upya au ubadilishe. Makumbusho yana tiba za mvuke wa amonia na kemikali nyingine za kuua ile tindikali, ila hizo zinataka chumba chenye kivuta hewa na mtu aliyefundishwa, kwa hiyo sizielezi hapa. Nitakachokuambia ni usichofanye: usipake vanishi juu ya uozo. Unyevu hupenya vanishi polepole, uozo unaendelea chini yake, na wewe huoni mpaka ganda linapochanika.

Swali gumu ni pairaiti iliyotoka baharini, kwa sababu ina chumvi inayotaka maji na madini yasiyotaka maji. Hapa watu wazima wamegombana. Ninavyofanya mimi ni kuiloweka siku chache tu, maji yakibadilishwa asubuhi na jioni, halafu kuitumbukiza katika spiriti ili ifukuze maji ndani ya vitundu, kuikausha upesi mahali penye joto la wastani, kisha moja kwa moja kwenye chombo chenye silika. Zingine hufa hata hivyo. Ndiyo maana pairaiti yoyote ninayoipenda naipiga picha nzuri siku ile ile ninayorudi.

Unga wa tatu hauna tindikali kali, huonekana juu ya makombe na matumbawe yaliyokaa kabatini miaka, na ukifungua kabati unasikia siki. Huu huitwa ugonjwa wa Byne, kwa jina la Mwingereza aliyeueleza mwishoni mwa karne ya 19 akidhani unaletwa na vijidudu. Si ugonjwa. Mbao, hasa ya mwaloni, pamoja na mbao za kubandikwa na boksi za karatasi duni, hutoa mvuke wa tindikali ya siki, na mvuke huo katika kabati lisilo na hewa hula chokaa. Suuza, kausha vizuri, hamishia kwenye vyombo vya plastiki, kioo au chuma kilichopakwa rangi, na uliache lile kabati kwa ajili ya vitabu.

"Mwamba wa matope unabanduka kama kurasa"

Sababu ni kukauka haraka. Tope lilikuwa na maji tangu zamani. Ukilianika, ukurasa wa juu husinyaa kabla ya wa chini, zinaachana, na kisukuku kinagawanyika kati yao. Kuliloweka ili "lirudi" ndiyo kosa la pili, maana udongo wa mfinyanzi hufura ukilowa na kila kitu humeguka.

Lizuie ufukweni. Likishatoka mwambani lifunge kwa gazeti lenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko wa plastiki. Nyumbani, toboa mfuko tundu moja, baada ya siku chache jingine, na kadhalika kwa wiki mbili tatu. Ni kuchosha, lakini hakuna njia ya mkato niliyoiona ikifaulu. Likikauka, liimarishe kwa Paraloid B-72, gundi ya plastiki ya akriliki inayoyeyushwa kwa asetoni na kutumiwa na makumbusho mengi. Kwa kuimarisha, gramu 5 katika mililita 100 za asetoni zinatosha. Iwe nyepesi kama maji. Ukiikoroga nzito, itakaa juu kama sukari ya keki na ndani kutabaki vumbi. Dondosha ukingoni uache jiwe linywe lenyewe, kisha lifunike kwa bakuli ili asetoni isiruke upesi. Ikiruka upesi huivuta gundi yote juu.

Fanyia dirishani, mbali na moto. Asetoni inawaka kama petroli.

"Jiwe haling'oki, na sindano imekwaruza"

Hapa kinachoamua ni ugumu. Kalsaiti ina ugumu wa 3 katika kipimo cha Mohs, na sindano ya chuma ni kama 5 na nusu, kwa hiyo kila sindano inapoteleza juu ya kombe inaacha mstari. Pairaiti, yenye 6 hadi 6 na nusu, haikwaruziki kwa chuma. Jua nani anamshinda nani kabla hujaanza.

Usikwangue. Simamisha sindano wima juu ya jiwe, bonyeza, acha chembe iruke yenyewe. Mara nyingi kati ya jiwe na kisukuku mna mpaka dhaifu, na chembe ikiruka hadi mpakani unaona uso safi, laini, wa rangi tofauti. Fanya hivyo chini ya kioo cha kukuzia, mwanga ukitoka ubavuni ili vivuli vikuonyeshe mpaka. Vifaa vya zamani vya daktari wa meno vinafaa kuliko seti nyingi zinazouzwa kwa jina la visukuku. Ukigundua jiwe ni gumu kuliko kisukuku, na mpaka haupo, acha. Kisukuku nusu kilichobaki jiweni kinapendeza kuliko kizima kilichochorwa mistari.

Wengi huniuliza kuhusu siki. Siki ya jikoni, yenye tindikali kama asilimia 5, huyeyusha chokaa, kwa hiyo inafaa pale tu kisukuku si chokaa na jiwe ni chokaa: jino la papa, mfupa wa samaki. Ukiitia amonaiti ya kalsaiti utaondoa jiwe na amonaiti pamoja, na nimeona mtu akifanya hivyo usiku na kuamka kwenye beseni la maji machafu. Hata mfupa hauwi salama kabisa. Loweka saa chache, toa, suuza kwa maji muda usiopungua mara tatu ya ule wa siki, kausha, paka Paraloid nyepesi kwenye kila sehemu mpya iliyofunuka, halafu rudia. Usiposuuza vya kutosha, mabaki ya siki yatageuka fuwele ndani na kuupasua mfupa wiki zijazo. Tindikali ya chumvi, ile ya kusafishia vigae, isikaribie mifupa. Hula fosfeti pia.

Doa jekundu la kutu, mimi nashauri uliache. Kulitoa kunataka kemikali, na doa lenyewe halidhuru.

"Gundi imeachia", "kinang'aa kama kimelowa", "kimepata ukungu mweupe"

Haya matatu yana chanzo kimoja: gundi isiyofaa au iliyotumika vibaya. Supaglu hushika sekunde chache na haikupi nafasi ya kusahihisha. Kipande kikikaa nje kwa unene wa unywele, kila kinachofuata kitazidi kupotoka. Paraloid ile ile ikikorogwa nzito, gramu 50 kwa mililita 100, ni gundi nzuri, na ukikosea unaifungua kwa asetoni.

Safisha nyuso zilizovunjika kwa brashi laini bila kuzikwaruza. Jaribu vipande vikiwa vikavu kwanza, panga utakavyoanza, kwa kuwa kipande cha mwisho hukataa kuingia ukianza vibaya. Gundi kidogo upande mmoja. Kisha chomeka kipande kikubwa kwenye trei la mchanga, ukikiinamisha mpaka kile kidogo kikae juu yake kwa uzito wake bila kushikwa. Ondoka hadi kesho.

Mng'ao wa ziada unafutwa kwa pamba yenye asetoni kidogo. Ukungu mweupe unatokea ukipaka siku ya unyevu au juu ya kitu kisichokauka: asetoni ikiruka hupoza uso, maji ya hewa yanatua hapo na kunaswa. Subiri siku kavu, gusa tena kwa asetoni, utatoweka. Vanishi ya mbao sina dawa yake. Inageuka manjano na kutoka kwake ni taabu.

"Wamenizuia nisiondoke nacho"

Huenda wana haki. Sheria hubadilika kila nchi na wakati mwingine kila ufukwe. Katika ardhi ya serikali kuu ya Marekani, sheria ya mwaka 2009 inakataza kuchukua visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo bila kibali. Kenya inavilinda kwa sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na Tanzania kwa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Uliza kabla ya kuinama, siyo kwenye forodha. Ukikuta kitu kikubwa, mifupa iliyopangana au fuvu, usikichimbe: piga picha ukiweka nyundo kando ili ukubwa uonekane, andika mahali, na uwaite watu wa makumbusho.

"Sikumbuki hiki nilikiokota wapi"

Tatizo hili peke yake halina tiba. Kisukuku kisicho na mahali ni pambo, na hakuna mtaalamu atakayeweza kukusaidia kwa umbo peke yake pale spishi mbili zinapofanana na tofauti yake ni tabaka.

Andika ukiwa bado ufukweni, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hukimbia ukilowa. Tarehe, mahali kwa vipimo vya ramani, kilikuwa mwambani au kimelala kwenye kokoto, na kama kilikuwa mwambani, umbali wake kutoka tabaka unaloweza kulitambua tena. Karatasi iingie mfuko mmoja na kisukuku. Nyumbani, paka nukta ndogo ya Paraloid upande usioonekana, iache ikauke, andika juu yake namba kwa wino mweusi, kisha funika kwa nukta nyingine. Namba hiyo hiyo iandike daftarini. Siku boksi likianguka na karatasi kuchanganyika, namba itakuwa bado imeshikamana na jiwe.